Mkojo Umebadilika: Fuata Dalili Kabla ya Kumeza Dawa ya UTI

Ukikaa kwenye dirisha la maabara hapa Pemba asubuhi moja tu, utawaona wengi wanaokuja na jina la ugonjwa mdomoni. "Nipime UTI, mwanangu," anasema mama mtu mzima, akikusudia maambukizi ya njia ya mkojo, kikopo kakifunika kwa pindo la kanga. Ukimuuliza, kukojoa kunamuuma? Hakumuumi. Homa? Hana. Ila usiku anaamka mara nne kwenda msalani, kiu haimwachi, na maji anakunywa kata kwa kata. Mama huyu, kabla ya kutafutiwa bakteria, atazamwe sukari, tena leo leo. Na mara nyingi mtu wa namna hii keshapita duka la dawa, keshameza antibaiotiki za siku mbili kabla hajafika dirishani.

Kipimo cha mkojo ni rahisi, hakichomi mtu sindano, na ndicho kinachosomwa vibaya kuliko vyote. Jibu lake linategemea mkojo umetoka saa ngapi, umetoka vipi, na umekaa muda gani kabla ya kutazamwa. Anayeyajua hayo matatu atalielewa jibu lake. Asiyeyajua, dawa atakayoandikiwa huenda ikawa ya kikopo, si yake yeye.

Mkojo unapita wapi

Huwezi kutafuta kasoro ya njia usiyoijua, kwa hiyo tuipite mara moja. Figo ni mbili, zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo. Ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini limekaa juu yake. Kila moja ina urefu wa sentimita 11 hivi, na ndani yake mna vichujio vidogo vinavyoitwa nefroni, kiasi cha milioni moja. Kwa siku nzima figo huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180, kisha hurudisha mwilini karibu yote. Kinachobaki, lita moja hadi mbili, ndicho mkojo.

Kutoka kila figo unashuka mrija mwembamba wa sentimita 25 hadi 30. Mrija huo haungoji mkojo uteremke wenyewe: kuta zake hubana na kuachia, ukausukuma mpaka kwenye kibofu. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500, ingawa haja huanza kusikika kabla hakijafika nusu au kikifika hapo. Kisha ni njia ya nje. Kwa mwanamke ni fupi, sentimita 4 tu, ndiyo maana bakteria wa sehemu ya haja kubwa hawana safari ndefu mpaka kibofuni. Kwa mwanamme ni kama sentimita 20, na mwanzo wake unapita katikati ya tezi dume, na hapo ndipo matatizo ya wazee yanapoanzia.

Kabla ya dalili, tazama kikopo

Hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika. Watu huleta mkojo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, na masalio ya ile dawa yanaweza kuliharibu jibu la kijiti cha kupimia. Wengine hukiosha kichupa kwa dawa ya kung'arishia nguo, wakidhani wamefanya usafi wa hali ya juu. Dawa hiyo huweza kuonesha damu na sukari visivyokuwepo. Chukua kikopo cha maabara. Kama hakuna, tumia chombo kilichochemshwa, kikakaushwa vizuri, na hakikubaki na harufu ya kitu chochote.

Jisafishe kwa maji, ujifute. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni, kinga wa katikati, wa mwisho uache uende vilevile. Ule wa mwanzo unasomba bakteria na chembe za ngozi za mlangoni, ndio unaowafanya wengi waandikiwe maambukizi wasiyokuwa nayo. Mwanamke aliye hedhini amwambie mpimaji, au asubiri siku zipite, maana kijiti hakijui damu imetoka njia gani. Mama anayemkingia mtoto asimpeleke juu ya hodhi. Tone la maji ya kutawadhia likiingia ndani, umepima maji ya hodhi.

Baada ya hapo, mkojo usikae. Ndani ya saa moja ni vizuri, saa mbili ndiyo mwisho. Ukishindwa, uweke kwenye friji, usigande, ufike siku hiyohiyo. Mkojo uliotoka Micheweni saa kumi na mbili asubuhi, ukapanda gari ndani ya mkoba juani, ukakaa foleni mpaka saa tano, si ule uliotoka mwilini. Bakteria wachache wameshazaana, sukari wameila, chembe za damu zimepasuka, na harufu yake inamtisha kila mtu. Mkojo uliolala ukinuka si dalili ya ugonjwa. Umelala tu.

Halafu kuna saa, na hili ndilo linalosahauliwa sana visiwani kwetu. Kwa bakteria na protini, mkojo bora ni wa alfajiri, wa mwanzo baada ya kuamka, kwa sababu umekaa kibofuni saa nyingi na umekolea. Kwa kichocho ni kinyume chake: mayai ya minyoo yake hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mtu anayepima kichocho kwa mkojo wa alfajiri, akaambiwa "hakuna kitu", amepewa jibu la saa isiyokuwa yake. Kama daktari anashuku yote mawili, vikopo ni viwili, na si vya saa moja.

Kijiti nacho kina tabia zake

Kijiti cha kupimia kina vipande vidogo vya rangi, mara nyingi kumi: chembe nyeupe, nitriti (inayotengenezwa na bakteria wengi), protini, damu, sukari, ketoni (mabaki ya mafuta mwili unapoyachoma badala ya sukari), bilirubini na urobilinojeni (rangi zinazohusu ini na damu), kiwango cha asidi na uzito wa mkojo. Unakichovya, unakitoa mara moja, unapangusa ukingo ili maji ya kipande kimoja yasimwagikie kingine, unakilaza, kisha unasubiri. Kila kipande kina wakati wake. Katika aina nyingi sukari husomwa kwenye sekunde 30, damu na nitriti kwenye sekunde 60, chembe nyeupe kwenye dakika mbili. Anayekitazama sekunde kumi akaandika "safi" hajasoma, na anayekisahau robo saa kisha akaandika "nyekundu sana" ndiyo kabisa.

Adui mkubwa wa vijiti hapa kwetu ni unyevu. Msimu wa masika mkebe ukiachwa wazi mezani, kile kipande cha nitriti huanza kuingia uwaridi chenyewe, hata hakijagusa mkojo. Kila atakayepimwa kwa mkebe huo ataambiwa ana bakteria. Mpimaji mwenye shaka na achovye kijiti kimoja kwenye maji safi yaliyotoneshwa. Kikibadilika, mkebe wote utupwe, usihurumiwe bei. Na mgonjwa naye ana haki ya kutazama kama kijiti chake kimetoka kwenye mkebe uliofunikwa, hata kama mwenye dirisha atakunja uso.

Jambo jingine ni vitamini C. Aliyemeza vidonge vyake vingi kwa ajili ya mafua anaweza kuwa na damu au sukari kwenye mkojo na kijiti kikakaa kimya. Mwambie mpimaji kila ulichomeza, hata kile unachoona si dawa.

Dalili: mkojo una damu

Kwanza, ni damu kweli? Bitiruti hupaka mkojo uwaridi. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini atakojoa rangi ya machungwa, na alitakiwa aambiwe mapema asitaharuki. Kijiti kitakata shauri. Lakini kijiti kikisema damu na hadubini isione chembe nyekundu hata moja, maana yake kinachotoka ni rangi ya damu iliyopasuka au rangi ya misuli iliyosagika. Hutokea kwa malaria kali, kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD aliyepewa dawa isiyomfaa, au kwa aliyeangukiwa na kitu kizito. Mkojo wake huwa mweusi wa kahawa. Huyo ni wa hospitali, si wa foleni.

Ikiwa ni damu, jiulize imekuja wakati gani wa kukojoa. Swali hili halina gharama na linakuonesha mahali penyewe. Damu ya mwanzo, kisha mkojo ukasafika: tazama njia ya nje. Mkojo safi, halafu matone ya mwisho mekundu: tazama kibofu. Damu iliyochanganyika mwanzo mpaka mwisho: huenda ni figo, mirija yake, au kibofu chenyewe kinachovuja sana.

Hapa Unguja na Pemba, mtoto wa skuli mwenye matone mekundu mwishoni ni wa kichocho mpaka ithibitike vinginevyo. Kichocho chetu ni cha mkojo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, jike na dume pamoja, na hutaga humo kwa miaka. Yai hupenya ukuta wa kibofu kutafuta njia ya kutoka, na kule kupenya ndiko kunakotoa damu. Mkojo ukifika kwenye kijito au bonde la mpunga, yai huanguliwa, kidudu kinamwingia konokono wa maji baridi wa jamii ya Bulinus, na wiki kadhaa baadaye konokono huachia vidudu vingine vinavyotoboa ngozi ya anayekoga, anayefua au anayevuka. Bahari haina kichocho. Anayekoga pwani peke yake, achunguzwe kitu kingine. Lakini aliyekulia karibu na mabonde ya Kinyasini au Chaani kule Unguja, au karibu na vijito vyetu vya Pemba ambavyo ni vingi, aulizwe alikokuwa akikogelea utotoni, hata kama sasa ni mtu mzima anayekaa mjini.

Namna ya kukitafuta: mkojo wa mchana, utikiswe kwanza kwa sababu mayai huzama chini, mililita 10 zipitishwe kwenye kichujio chenye matundu madogo, kisha kichujio kiwekwe chini ya hadubini. Yai lake ukiliona mara moja hulisahau. Ni refu, mfano wa mbegu ya tango, limeng'aa, na kwenye ncha moja lina mwiba uliochongoka. Mkojo ukiwa bado wa moto utaona ndani yake kidudu kinajigeuzageuza, vinyweleo vikipepea, kinatafuta pa kutokea. Hilo ni yai hai, na aliyelitoa ana minyoo hai. Ganda jeusi lililokauka ni hadithi nyingine, pengine masalio ya ugonjwa uliokwishatibiwa. Mayai 50 au zaidi kwa mililita 10 huhesabiwa maambukizi mazito.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kwenye kampeni za skuli na mitaani watoto husimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, wakapewa idadi ya vidonge kwa kimo chao. Ni vidonge vikubwa na vichungu, na mtoto asiyekula kitu kwanza atavitapika, kisha mama yake aseme dawa ni mbaya. Dawa hii huua minyoo mikubwa lakini michanga huiacha. Kwa hiyo aliyemeza leo, na wiki iliyopita alikuwa kijitoni, anaweza kurudi na damu ileile baada ya miezi miwili mitatu bila ya dawa kuwa na kosa lolote. Apimwe tena, ameze tena.

Kwa kuwa kampeni za miaka hii zimekipunguza sana kichocho visiwani, wagonjwa wengi waliobaki wana mayai machache. Machache hukwepa. Kikopo kimoja kisicho na yai hakitoshi kumwachia mtu mwenye dalili. Lete tena kesho na keshokutwa, saa zilezile za mchana. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imejenga jina lake kwa kazi hii ya kutafuta vidudu vya minyoo, na mafundi wa Pemba wengi wamejifunza kuchuja mkojo kupitia kazi za namna hiyo.

Kuna wanaosahauliwa hapa, nao ni wanawake. Mayai yaleyale hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta majimaji, maumivu ya tumbo la chini, damu baada ya tendo la ndoa, hata kuchelewa kupata mtoto. Mke wa mtu akienda na dalili hizo huambiwa ana ugonjwa wa zinaa, nyumba ikaingia moto bure. Mkojo wake huenda usiwe na yai hata moja. Kwa mwanamke aliyekulia karibu na kijito, daktari na akifikirie kichocho kabla hajamtilia mtu fitina nyumbani.

Mtoto aliyeamka na kope zimevimba, mkojo mchache wa rangi ya kola, na wiki mbili tatu nyuma aliumwa koo, au kabla ya hapo alikuwa na upele uliotunga usaha: huyo vichujio vya figo vimewaka. Kijiti kitaonesha damu na protini pamoja. Apimwe presha, na asipewe tu dawa ya kukojoza akarudishwa nyumbani.

Na mzee anayekojoa damu bila ya maumivu yoyote asiridhike na antibaiotiki, hata kama damu itakoma. Saratani ya kibofu na ya figo huja hivyo, hutoka damu siku mbili, hukaa kimya miezi. Kichocho cha miaka mingi kisichotibiwa nacho ni njia mojawapo ya kufika kwenye saratani ya kibofu. Afanyiwe altrasaundi.

Dalili: kunachoma nikikojoa

Sasa UTI yenyewe. Kukojoa kunachoma, haja inakuja kila mara, kinachotoka ni kidogo, na chini ya kitovu kunakaza. Mwanamke mwenye hayo yote bila ya majimaji ukeni ana maambukizi ya kibofu kwa uwezekano mkubwa, na kijiti kinakuja kuthibitisha tu.

Kisome hivi. Chembe nyeupe zipo na nitriti ipo: karibu hakika ni bakteria. Nitriti peke yake: uliza mkebe ulikuwa wazi? Mkojo ulikaa? Chembe nyeupe peke yake, nitriti hakuna: kunaweza kuwa na bakteria wasiotengeneza nitriti, au mkojo haukukaa kibofuni zile saa nne hivi zinazohitajika, au si UTI bali kisonono au klamidia, hasa kwa kijana mwenye usaha. Vyote havipo na maumivu yapo: tazama majimaji ya ukeni, fangasi, kichocho, kijiwe.

Chini ya hadubini, ukiona chembe bapa za ngozi zimejaa uwanja mzima, acha kuhesabu bakteria. Kikopo hicho kimekingwa vibaya. Mrudishe mgonjwa akakinge upya, ingawa nafahamu kumrudisha bibi aliyetoka mbali ni kazi nzito. Bora hivyo kuliko kumpa siku saba za dawa kwa uchafu wa mlangoni.

Inaporudi mara ya tatu, kijiti hakifai tena. Mkojo uoteshwe maabara, ijulikane ni bakteria gani na anasikia dawa gani. Lakini uoteshwe kabla ya kumeza dawa. Tabia ya kugawana vidonge, mke nusu na mume nusu, au kuacha siku ya pili kwa kuwa kuchoma kumekoma, ndiyo inayotufikisha kwenye bakteria wasiosikia chochote. Na wauza dawa wanaokata vidonge vinne kwa mkasi wanalijua hilo.

Mwenye homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, maambukizi yamekwishapanda figo. Hayo hayatibiwi dukani. Mwanamme na mtoto mdogo, hata bila ya homa, UTI yao hutafutiwa sababu, kwa sababu kwao si kawaida. Na mjamzito mwenye bakteria kwenye mkojo hutibiwa hata kama hasikii lolote.

Dalili: nakojoa kila saa

Pima kabla ya kubishana. Chukua jagi lenye alama, kojolea humo siku nzima mchana na usiku, andika. Ikiwa mara ni nyingi lakini jumla ni ya kawaida, tatizo liko kibofuni au kwenye tezi dume. Ikiwa jumla inapita lita tatu, figo zenyewe zinamwaga maji, na la kwanza kutafuta ni sukari.

Figo hurudisha sukari yote mwilini mpaka sukari ya damu ipite kiasi cha milimoli 10 kwa lita. Hapo ndipo inapomwagika kwenye mkojo ikivuta maji pamoja nayo, na ndipo kiu inapoanza. Maana yake, kijiti kikikosa sukari hakijakusafisha: unaweza kuwa na kisukari cha kiwango cha chini ya hapo. Kidole kitobolewe, damu ipimwe. Kijiti kikionesha sukari nyingi na ketoni pamoja, na mtu anatapika na kuhema kwa kina, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Ketoni peke yake kwa aliyefunga au anayetapika kwa ujauzito mara nyingi ni njaa tu.

Uliza na dawa za presha. Baadhi kazi yake ni kukojoza, na aliyemeza usiku atalalamika usiku.

Dalili: rangi nzito, povu

Mchana wa Ramadhani, au wakati wa kuchuma karafuu juani, mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni kiu. Kunywa, utazame baada ya saa chache. Usiposafika, na macho yakaingia umanjano, tikisa kikopo: povu likiwa la manjano ni bilirubini, na safari ni ya kutazama ini, si figo.

Povu jeupe lisilokufa, siku baada ya siku, ni la kupima protini. Homa au kazi nzito huleta protini ya kupita, kwa hiyo rudia kwa mkojo wa alfajiri kabla ya kumtia mtu hofu. Ikirudi, pima presha na kreatinini ya damu, ile taka ambayo figo huitoa, maana kijiti hakikuambii figo zina nguvu kiasi gani. Kuna watu wenye mkojo safi na figo zilizochoka. Mjamzito aliyepita wiki 20 mwenye protini na presha ya 140 kwa 90 au zaidi asirudi nyumbani kwa maneno ya "pumzika". Kifafa cha mimba huanzia hapo.

Dalili: ubavu unakata, unaachia, unakata

Maumivu yanayotoka ubavuni yakishuka mpaka kinenani, mtu hapati pa kukaa wala pa kulala: kijiwe kimeingia mrija. Kijiti mara nyingi huonesha damu, ingawa si lazima. Vijiwe vya chini ya milimita 5 vingi hutoka vyenyewe. Kijiwe pamoja na homa ni dharura.

Dalili: mkojo unadondoka, au hautoki

Mwanamme aliyepita miaka 50, mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, unakatika, na baada ya kumaliza matone yanamfuata mpaka kwenye suruali. Wengi hulichukua hili kama shida ya udhu na huishia kumuuliza shekhe. La udhu shekhe atalijibu, na sheria ina nafasi kwa mwenye udhuru. La tezi dume ni la daktari: ukubwa wake, kipimo cha damu cha PSA (protini inayotoka kwenye tezi hiyo), na altrasaundi ya kutazama mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa. Mkojo uliobaki huoza humo, ndiyo sababu ya UTI za wazee zisizokwisha.

Kisha kuna siku hautoki kabisa. Tumbo la chini limejaa, limekaza, mtu anatokwa na jasho. Mara nyingi kilichomsukuma ni dawa ya mafua aliyomeza jana, maana baadhi yake hubana shingo ya kibofu au hulegeza misuli ya kukisukuma. Hapo hakuna cha kupima kwanza. Asipewe maji mengi "ili usukume", asikandwe kwa nguvu, asisubiri kupambazuke. Mpeleke hospitali ya karibu, Mkoani, Chake Chake au Wete, awekewe mpira wa kutolea mkojo. Mkojo utakaotoka upimwe kiasi chake, na siku hiyohiyo ichukuliwe damu ya kreatinini, kwa sababu mkojo uliozuiliwa hurudi nyuma kwenye mirija na kuzikandamiza figo, na madhara hayo hayaonekani kwenye kikopo.